Aketi Kwanza, Ahesabu

Luka 14:28–30, Ayubu 38 na 39



Vijana wa usharika wetu huku Mbagala, upande wa Temeke, wametuletea shauri la kwenda kwa siku moja kuwatazama wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sisi wazee tulilipokea kwa furaha. Watoto wetu wamjua tembo kwa picha tu, ingawa njia ya kumwendea ni hii hii barabara ya Kilwa ipitayo karibu na milango yetu. Mtu akifika Kibiti hugeuka kuelekea magharibi, hata Mloka na lango la Mtemere. Lakini Bwana wetu alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kupiga hesabu, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Basi tukaketi.

Hesabu ya vijana ilikuwa safi: kukodi gari, mafuta, chakula, maji, kiingilio. Raia hulipa kidogo kuliko wageni wa nchi nyingine, kwa hiyo mzigo mkubwa si lango, ni gari. Waligawanya jumla kwa idadi ya viti, wakapata fungu la kila mtu.

Walitaka kwenda mwezi wa Aprili, mara baada ya Pasaka. Tukawakumbusha masika. Mwaka 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba za ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, na hata mwaka usio na mafuriko tope hulishika gari. Ndipo tukachagua Saba Saba, wakati wa kiangazi, vidimbwi vinapokauka na wanyama kukaribia mto na maziwa ya Manze na Tagalala.

Lakini liko jambo ambalo halikuandikwa popote katika karatasi ile, nalo ni usingizi wa dereva. Tutaondoka saa tisa usiku. Mchana kutwa ataendesha katika njia za porini. Kisha turudi gizani, abiria wote wakisinzia, naye peke yake akiwa macho. Katekisimo yetu yatufundisha kwamba amri ya tano haikatazi kuua kwa mkono tu, bali yatutaka tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Dereva naye ni jirani. Kwa hiyo tumeamua wawe madereva wawili, na fungu la kila mtu likapanda.

Hapo ndipo tuliposoma orodha ya majina kwa sauti. Kijana mmoja wa kwaya, mwana wa mjane auzaye vitumbua, alisema hataki kwenda, eti aogopa simba. Tulicheka. Kisha tukaona ya kuwa wengine watatu nao waliogopa simba, wote wa nyumba zisizo na fedha, na kicheko kikatuisha. Mmoja wetu akashauri tuchukue katika fedha za bati la kanisa. Tulikataa, maana aliyetoa kwa ajili ya bati alitoa kwa ajili ya bati. Tumewaomba wenye uwezo waongeze kwa siri juu ya fungu lao, na jina la mtu lisisomwe, wala la atoaye wala la asaidiwaye.

Wako waliouliza, kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya wanyama? Twawaomba wasome Ayubu. Mungu alipomjibu mtu yule mwenye huzuni hakumweleza sababu ya mateso yake. Alimwonyesha punda wa mwituni asiyefungwa kamba, na mvua inyeshayo mahali pasipo na mtu wa kuishukuru. Hifadhi hii, iliyotengwa katika Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina kilomita za mraba 30,893. Humo mbwa mwitu huwinda na viboko huzaa, wala hapana hata mmoja anayetungoja sisi tumtazame. Ni vema mtu wa Mbagala, aliyezoea kusukumwa stendi, aone mara moja jinsi Baba alivyo na watumishi wengi asiowajua.

Wala tusidhani pori lile halikuwa na watu kamwe. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi upande wa Liwale, ikitaja ugonjwa wa malale, na makao yao yakawa nyika. Hata leo mkulima wa mpakani hukesha akilinda mahindi, na tembo kwake si tamasha. Tukipita Mloka tusipige kelele za kushangilia tukiona nyayo shambani mwa mtu. Afadhali tushuke, tuwasalimu, na chakula cha mchana tukinunue kwao.

Viti vinne bado havijapata wa kuvilipia. Mtunza hazina hupokea kila Jumapili baada ya ibada, hata mwisho wa mwezi wa Mei.