Saa Nane Usiku ni ya Nani?

Mtu akiacha kazi ya ofisini akaanza kufundisha Kiswahili mtandaoni huku akizunguka miji, watu humwambia: sasa uko huru. Huenda kweli yuko huru, ila safari peke yake haithibitishi hilo.

Mtazame akifika Lamu. Kabla hajauliza bei ya chumba, anauliza umeme hukatika mara ngapi, mtandao upi unashika, na kama kuna meza. Mwanafunzi wake wa New York akishatoka kazini huketi kusoma saa kumi na mbili jioni. Lamu hapo ni saa nane usiku. Ikifika Machi, Wamarekani wakisogeza saa zao mbele, kipindi kinahamia saa saba. Bosi aliyemkimbia hakuwahi kumwamsha saa hizo.

Mwaka 1958, katika mhadhara wake Oxford, mwanafalsafa Isaiah Berlin alitenganisha uhuru wa kutozuiwa na wengine na uhuru wa kujitawala. Barua ya kuacha kazi hukupa ule wa kwanza asubuhi moja tu. Wa pili hauandikiwi barua. Kwa mwanafalsafa Immanuel Kant, aliye huru ni yule anayetii sheria ambayo akili yake mwenyewe imeiweka. Na Kant hakuwahi kwenda mbali na Königsberg alikozaliwa, ingawa kwa miaka mingi aliwafundisha wanafunzi jiografia ya dunia. Nampenda sana kwa hilo.

Basi ile saa nane ni ya nani? Ikiwa mwalimu ameitoa kwa sababu mwanafunzi amezaliwa ughaibuni na anataka siku moja azungumze na bibi yake bila mkalimani, hiyo ni saa yake. Ikiwa anaamka kwa kuogopa kushushwa kwenye orodha ya walimu ya tovuti anayofundishia, ofisi amehama nayo. Mwaka 2021 China ilipiga marufuku walimu walioko nje ya nchi kuwafundisha watoto wake mtandaoni. Wengi walipoteza riziki bila kuulizwa neno, nao walikuwa wametawanyika duniani wakiamini hawana bosi.

Ndiyo maana kijana akiniomba ushauri wa kuacha kazi, simuulizi ataanzia nchi gani. Namuuliza ni vipindi vingapi anaweza kuvikataa na bado akalipa kodi ya nyumba, na ni mwanafunzi yupi ambaye yeye angeamka saa nane kwa ajili yake hata pasingekuwa na wa kumlazimisha.