ELIMU YA MTOTO WA MASKINI NI DENI LA NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeuanza wahyi wake kwa amri ya kusoma. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu wa pwani, liko suala ambalo watu hulizungumza barazani kwa maneno mepesi, na hukumu yake ni nzito. Mtoto ana akili na hamu ya kusoma, na babaye hana kitu. Akikaa bila ya elimu mpaka akakua mjinga, dhambi ni ya nani? Ni ya baba asiye na mali? Ni ya serikali? Au ni ya kila mwenye uwezo aliyejua akanyamaza? Karatasi hizi chache nimeziandika kulijibu suala hilo kwa kadiri ya uwezo wangu.

MFANO WA MBALI

Nauchukua mfano wa mbali kwa makusudi. Mtu akitajiwa mtoto wa mtaani kwake humwonea huruma kwa ujamaa, asijue kama ametoa kwa haki au kwa upendeleo. Basi na tumtazame mtoto wa Kimali, katika mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Hiyo ni nchi ya bara, kusini-mashariki ya ziwa la Victoria. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, watu wa ng'ombe na pamba. Mvua ikija kwa wakati wake, mkulima hushika fedha ya pamba mara moja kwa mwaka. Ikikosa, mwaka wote huwa wa deni. Mtoto huyo si wa mtaa wetu, wala si wa kabila yetu, na pengine si wa dini yetu. Ikithubutu kuwa yeye ana haki juu ya wenye uwezo, basi haki ya mtoto wa Kilwa, Pangani, Mombasa na Lamu imethubutu mara mbili.

YALIYOKWISHA FANYWA

Insafu ni kuanza kwa kutaja mema. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, Tanzania iliamua kuwa kila mtoto asome skuli ya msingi, na muda uliowekwa ulikuwa mwaka 1977. Watoto walimiminika, walimu hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe kidogo huku wakifundisha. Katika miaka ya 1980 hali ya mali ikawa ngumu, na wazazi wakatozwa tena. Mwaka 2001 karo ya skuli za msingi ikafutwa, na mwaka uliofuata watoto wakajaa tena madarasani. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada ya sekondari za serikali mpaka kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Ada yenyewe ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 70,000 kwa wa bweni. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikafuata njia hiyo hiyo.

Haya ni mema, na asiyemshukuru mtu hakujua shukrani. Mtoto wa Kimali ambaye shilingi 20,000 zilikuwa ni ukuta mbele yake, ukuta ule umebomolewa.

BEI ISIYOANDIKWA

Lakini neno hili "bure" humghuri mtu. Chaki ina bei, mwalimu ana watoto, na bati la skuli halikuota kama uyoga. Kila kinachoitwa bure yuko aliyekilipia. Suala la haki ni hili: alipaye ni nani, na je, ndiye anayestahili kulipa?

Tazameni hisabu. Ruzuku iliyowekwa, mbali na mshahara wa mwalimu, ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Siku za masomo katika mwaka hazipungui sana na 190. Gawanyeni: mtoto wa msingi hupata shilingi hamsini na kidogo kwa siku, nazo ndizo za vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Fedha hiyo hainunui andazi.

Kinachopungua hulipwa na nani? Hulipwa na yule maskini mwenyewe, kwa vitu visivyoandikwa katika daftari lolote. Hulipa kwa sare na viatu. Hulipa kwa njaa, kwa kuwa palipo mbali mtoto hawezi kurudi nyumbani kula adhuhuri. Hulipa kwa miguu, naye hutoka alfajiri. Hulipa kwa mkono uliopungua kazini, kwa kuwa ng'ombe wataka mchungaji na pamba yataka wachumaji, na mtoto akiwa darasani kazi ile humngoja babaye. Akiwa msichana, hulipa zaidi: maji ni yeye, jiko ni yeye, na wako wazazi wanaohisabu ng'ombe wa mahari kabla ya kuhisabu madaftari.

Na iko bei nyingine ambayo sisi wa pwani hatuioni upesi. Mtoto yule huzaliwa katika Kisukuma. Darasa la kwanza hukuta Kiswahili, akajitahidi miaka yote ya msingi mpaka kikakaa ulimini mwake. Akifika kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia hugeuka Kiingereza, akaanza upya. Mtoto wa tajiri amekwisha kununuliwa Kiingereza hicho tangu utotoni katika skuli za kulipia. Wote wawili huandikiwa mtihani mmoja, kisha husemwa kuwa mmoja ana akili na mwingine hana. Je, hiyo ni mizani ya sawa?

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Akisema msemaji: "Mwana ni wa babaye, mimi sikumzaa." Tutamjibu: kweli, baba ndiye wa kwanza. Imamu Nawawi ameeleza kuwa ujira wa kumfunza mtoto hutolewa katika mali ya mtoto mwenyewe kama anayo; kama hana, ni juu ya yule apasiwaye kumlisha. Lakini wanavyuoni hawakumwachia hapo. Asiyekuwa na wa kumlisha hulishwa na Baytulmali. Na Baytulmali ikiwa tupu, mzigo huangukia wenye wasaa. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa baba akifilisika mtoto afe njaa; na ujinga ni njaa isiyoonekana mbavuni.

Akisema: "Faradhi kwetu ni elimu ya dini, elimu ya hisabu na dawa ni ya dunia." Tutamjibu kwa kauli ya Imamu Ghazali, naye ni mtu wa madhehebu yetu. Katika kitabu chake cha Ihyaa ameihisabu tiba na hisabu katika faradhi za kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi ilhali miji yao haina tabibu Muislamu. Na hukumu ya faradhi kifaya mwaijua: wakiitimiza baadhi ya watu, dhambi huwaondokea wote, wakiiacha wote, kila mwenye uwezo amepata dhambi. Nchi ambayo mama hufa kwa kukosa mkunga, na mkulima huibiwa mizanini kwa kutojua hisabu, faradhi hiyo haijatimizwa humo.

Akisema: "Kitu cha bure hakithaminiwi." Tutamjibu: mwulize Imamu Shafi. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra akiwa yatima, mama yake akamchukua Makka, naye hakuwa na cha kumpa mwalimu. Mwalimu akaridhia kumfunza bila ujira, kwa kuwa mtoto yule alikuwa akiwashika wenzake mwalimu akiondoka. Na kwa kukosa karatasi alikuwa akiandika juu ya mifupa. Kisha mwulize Ghazali. Baba yake alikufa akawaacha yeye na nduguye mikononi mwa rafiki yake, pamoja na fedha kidogo. Fedha zilipokwisha, rafiki yule aliwaambia waende madrasa wapate chakula na masomo kwa posho ya wanafunzi. Lau mwalimu wa Makka angalidai ada, na lau madrasa zile zisingalikuwa na posho, sisi leo tungalisoma madhehebu ya nani? Tumo katika neema ya watu waliowalipia mayatima wasiokuwa wao.

Akisema: "Zaka ina watu wake wanane, wala haiwezi kupewa asiye Muislamu." Tutamjibu: umesema kweli, na hatusemi uivunje mipaka yake. Mtoto maskini wa Kiislamu huingia katika mafakiri na maskini bila ya shaka. Ama sadaka ya hiari mlango wake ni mpana. Wanavyuoni wetu wamejuzisha kumpa asiye Muislamu, na ina thawabu. Na tukumbuke Badr, mwaka wa pili wa Hijra. Mateka waliokuwa na mali walijikomboa kwa dirhamu hata elfu nne. Asiyekuwa na mali na akajua kuandika, fidia yake ilikuwa kuwafunza watoto wa Ansari, nao watu wa sira wataja watoto kumi. Madina ilikuwa na dhiki, na fedha ile ilihitajiwa. Mtume (s.a.w.) aliiacha fedha akachukua elimu ya watoto, na walimu wenyewe walikuwa washirikina. Hapo twaona mambo mawili: kuwa elimu ya mtoto hulipiwa na mali ya jamii, na kuwa elimu yenye manufaa haiulizwi imetoka mkono gani.

ELIMU MBOVU NI GHUSHI

Liko jambo la pili ambalo ni kubwa kama la kwanza. Kupunguza bei hakutoshi. Mwajua khabari ya muuza nafaka sokoni Madina, aliyeweka kavu juu na rutuba chini, Mtume akatia mkono akamkemea. Skuli ambayo mtoto hukaa miaka saba akatoka hawezi kusoma barua ya mama yake, nayo ni gunia kavu juu na bichi chini. Na aliyeghushiwa hapa amepoteza kitu kisichorudi, nao ni utoto wake. Muuza nafaka aweza kurudisha fedha; ni nani atakayemrudishia mtu miaka saba?

Kwa hiyo asemaye "watoto wote wameandikishwa" amesema nusu ya neno. Nusu iliyobaki ni mwalimu: je, anatosha, amefunzwa, analipwa kwa wakati, ana nyumba ya kukaa? Mwalimu aliyepelekwa kijiji cha mbali bila ya nyumba, naye humngoja siku ya uhamisho tu, hawezi kufundisha kwa moyo. Na sisi tusiwanyoshee wengine kidole, kwani mwalimu wa chuoni kwetu mara nyingi hali yake ni duni kuliko hiyo. Twamlipa vijisenti vya Jumatano, kisha twastaajabu watoto kuhitimu bila ya kufahamu.

WALIOTUTANGULIA

Msidhani jambo hili ni geni pwani. Habib Saleh bin Alawi, aliyefariki Lamu mwaka 1935, aliufungua msikiti wake wa Riyadha kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwataka katika darasa zao, watumwa na wana wa watumwa wakiwamo. Alilaumiwa, na leo waliolaumu hawatajwi, na Riyadha husomesha. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa. Alifunzwa, akawa sheikh wa Kadiria ambaye watu huru walikaa miguuni pake. Yeye naye alikuwa mtoto wa bara, asiye wa mtaa wala wa kabila ya aliyemfunza. Na Mombasa, skuli ya ufundi ya Waislamu iliyoanza kusomesha mwaka 1951 ilisimama kwa mali ya Sultani wa Unguja, na Aga Khan, na Mabohora, na serikali. Hivi leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Watu wa madhehebu mbalimbali waliunganisha mifuko, na tunda lake hula hata wasiokuwa Waislamu.

LITUPASALO

Basi jibu la suala letu ni hili: elimu ya mtoto wa maskini ni deni la babaye kwanza, akishindwa, ni deni la serikali kwa kuwa ndiyo yenye hazina, na serikali ikipungukiwa, ni deni la kila mwenye uwezo anayejua. Wala deni la mmoja halifutwi kwa uzembe wa mwingine. Na kwa vitendo twausia mambo manne.

Kwanza: mtoto asifukuzwe chuoni wala madrasa kwa kukosa ada. Adaiwe mkubwa, na mtoto aketi asome.

Pili: wenye minazi, nyumba na maduka waweke wakfu kwa masomo, kwani asili hubaki na matunda huendelea. Na wasimamizi wa wakfu zilizopo watazame: ni nyumba ngapi kodi yake ni ile ya zama za babu zetu?

Tatu: mwalimu alipwe ujira wa kumtosha kabla ya kupakwa rangi ukuta wa madrasa.

Nne: mwenye kutaka thawabu ya mbali, na amtafute mtoto mmoja wa bara, wa Kimali au pengine, ambaye aliyekosa ni sare, chakula na daftari, amlipie hizo bei zisizoandikwa mpaka amalize. Asimwulize kabila.

Ewe Mola, wafungulie watoto wa maskini milango ya elimu, na utuepushe tusiwe sisi ndio makufuli yake. Amin.