Elia Chini ya Mretemu



Mwezi huu twataka kulitafakari pamoja nanyi lile neno lililoandikwa katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tangu mwanzo hata mstari wa 18. Twawaomba mlisome kwanza nyumbani, polepole, kwa sauti ya kusikika, kabla ya kuendelea na maneno yetu haya.

Mnajua jinsi ilivyokuwa. Juzi tu Elia alisimama juu ya mlima Karmeli mbele ya watu wote, wala hakuogopa mtu. Kisha akaletewa habari na mjumbe wa Yezebeli, naye akakimbia. Angalieni jambo hili: hakuuona upanga wala hakumwona askari, alisikia habari. Alipofika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake huko, akaenda nyikani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti uitwao mretemu, akaomba afe. Tunapomsoma nabii huyu twapenda kuukumbuka ule moto wa Karmeli. Lakini tangu mwaka 2025 sisi wa Biharamulo hatuna haja ya kuelezwa mretemu ni mti gani. Tumeketi chini yake.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali imetupasa kueleza. Mwezi wa Januari mwaka ule zilienea habari za homa kali yenye kutoka damu, na tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza huko Dodoma ya kuwa mtu mmoja wa wilaya yetu amethibitishwa kuwa na ugonjwa wa Marburg. Haikuwa mara ya kwanza katika Mkoa wa Kagera, maana mwaka 2023 waliugua watu 9 upande wa Bukoba, na 6 kati yao wakafa. Kwetu sisi, hata ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, walihesabiwa watu 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo, na wanane waliodhaniwa kuwa nao kwa dalili zao. Wote kumi walikufa. Mtu wa mbali atasema kwamba kumi si wengi. Asiseme hivyo mbele ya aliyezika.

Matabibu walitufundisha ya kuwa ugonjwa huu hutoka kwa popo wale walao matunda na kukaa mapangoni, kisha huambukizwa kutoka mtu hata mtu kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Kwa hiyo tulikatazwa kushikana mikono, na kuosha maiti kwa desturi yetu, na kusongamana msibani. Nani katika nchi yetu asiyejua mkono ni kitu gani? Mgeni akifika hushikwa mkono, wala hauachwi upesi, huku akiulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua; na katika nyumba nyingi za Wahaya hupewa buni za kutafuna katika kiganja chake. Aliyefiwa hushikwa na kukumbatiwa hata machozi yamwishe. Ghafula hayo yote yakawa hatari. Amri ile ilikuwa njema na ya haki, nasi tuliihubiri mimbarini. Walakini ilikuwa kama kukatwa ulimi, maana sisi twasema kwa mikono.

(Jina la ugonjwa huo ni la mji mmoja wa Ujerumani, ambako ulijulikana mwaka 1967. Sisi Walutheri twaujua mji huo kwa sababu nyingine: huko Luther na Zwingli walikutana mwaka 1529 kusemezana juu ya Meza ya Bwana, wasipatane, wakaachana pasipo kupeana mkono wa undugu. Tulipojifunza habari hiyo chuoni hatukudhani kwamba siku moja jina la Marburg litatunyima mkono sisi pia.)

Sasa imetupasa kusema neno lituhusulo wenyewe. Yuko mama mjane katika mtaa mmoja wa usharika wetu, ambaye mumewe alifariki siku zile kwa ugonjwa mwingine kabisa, ugonjwa wa moyo wa miaka mingi, na matabibu walisema wazi hivyo. Lakini watu wakiisha kuogopa hawaulizi tena. Hakuna aliyefika kwake. Watoto walikatazwa kupita karibu na ua wake, hata njia ikaanza kuota majani. Nasi tulio mchungaji wake hatukwenda. Tulisema: amri ya matabibu. Twaandika jambo hili kwa haya, kwa maana amri haikutukataza kusimama uani na kuita jina lake. Tulijificha nyuma ya amri njema.

Wala si hilo peke yake. Usiku tulikaa na simu ya mkononi, tukisoma habari moja ya kweli na tano za uongo, hata usiku wa manane. Tulipoamka mkono ulikwenda kwenye simu kabla kinywa hakijafunguka kwa sala. Chakula tulikula tumesimama. Jumapili tulisema maneno yaliyo sawa, tena watu walitushukuru, lakini sisi wenyewe hatukuwa tukiyasikia. Hivyo ndivyo roho inavyokauka: si kwa kumkana Mungu siku moja, bali kwa kukosa hiki na kile kidogo kidogo, wala mwenyewe hatambui mpaka anaomba afe.

Mwalimu wa mtaa ule ni kijana asiye na elimu kubwa. Kila jioni atokapo shambani alisimama kando ya mgomba ulio mwisho wa ua wa yule mama, hatua kama kumi toka mlangoni, akaita, "Shikamoo, mama!" Naye alipojibu toka ndani, "Marahaba, mwanangu," alimwuliza maswali mawili tu: amekula nini leo, na usiku alipata usingizi? Kisha wakasema pamoja Baba Yetu, kijana huku nje na mama mlangoni pake, akaenda zake. Tulipopata habari tulimwita, tukamwuliza kwa nini haulizi habari za imani ya yule mama, maana sisi tungalianza huko. Akajibu, "Baba Mchungaji, ndivyo malaika alivyoanza na Elia."

Tulirudi tukaisoma sura ile, tukaona ya kuwa amesema kweli. Malaika hakumkemea Elia wala hakumfundisha neno. Alimgusa, akamwambia ainuke ale; na hapo kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Elia akala akalala tena. Malaika hakuchukizwa na usingizi wake wa pili. Akarudi, akamgusa tena, akamlisha tena, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mungu alianza na tumbo la nabii na usingizi wake. Maneno yalifuata baadaye, huko Horebu. Sisi tuliosoma tumekuwa wepesi kuyadharau hayo. Wako na Wakristo wanaodhani ya kuwa kukesha kwa hofu ni namna ya sala. Sivyo. Mwenye kukesha akihesabu hatari zote za dunia amejitwalia zamu ya Mungu, na zamu hiyo hakupewa mwanadamu.

Fungueni Katekisimo Ndogo ya Luther, mwishoni, mahali pa sala za asubuhi na jioni. Wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya Kipaimara, kisha tukaziacha pamoja na nguo nyeupe za siku ile. Aagiza nini? Uamkapo ujitie ishara ya msalaba, useme Imani na Baba Yetu, na sala fupi ukipenda, kisha uende kazini kwako kwa furaha. Jioni vivyo hivyo, kisha ulale mara moja pasipo kusitasita. Kazi ya dakika tano. Wala aliyeyaandika hayo hakuwa mtu asiyejua taabu. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishwa, na mtawala wa nchi alimwagiza yeye naye aondoke; lakini alikaa, pamoja na Bugenhagen mchungaji wa mji, ijapokuwa mkewe Katharina alikuwa mja mzito, na nyumba yao ikawa kama hospitali. Siku hizo alimwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau, aliyetaka kujua kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja asema: tumia dawa, fukiza nyumba, usiende mahali ambako huhitajiwi, maana mwenye kujitupa hatarini kwa ujuvi amjaribu Mungu. Upande wa pili: jirani akiwa hana mwingine ila wewe, usimwache; na mchungaji asiliache kundi lake katika kufa. Sisi tulikuwa tumeushika upande wa kwanza kwa mikono miwili.

Basi tumeanza upya, tena kwa mambo madogo. Nyumbani kwetu simu hulala mezani sebuleni, wala haiguswi asubuhi mpaka sala imekwisha. Wiki ya kwanza ilitushinda mara tatu. Huko mitaani waalimu walipatana kukigonga kile chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa mtini, kila siku saa moja ya jioni, ili kila nyumba iseme Baba Yetu kwa wakati ule ule. Aliye peke yake ajua ya kuwa saa hiyo nyumba zote zaliita Jina moja, hata kama hawezi kumshika mtu mkono. Mzee mmoja wa baraza alinung'unika kwamba twaiga Wakatoliki. Tulimjibu kwamba sala hiyo haikutungwa Roma wala Wittenberg.

Waalimu, mlitazame tena na hili. Huko Horebu Mungu alimwuliza Elia anafanya nini pale, naye akamwaga malalamiko yake. Ukapita upepo, na tetemeko, na moto, kisha ile sauti ndogo ya utulivu; akaulizwa tena, naye akajibu maneno yale yale, hakupunguza hata moja. Mungu hakumkatiza. Nanyi mtu aliapo mbele yenu msifanye haraka ya kumnyamazisha kwa kumwambia ajipe moyo. Someni pamoja naye Zaburi ya 88, ambayo yaishia gizani pasipo kupambazuka. Kanisa halikuiondoa, kwa kuwa lajua ya kuwa ziko siku ambazo mtu hana sala nyingine.

Elia alidhani amesalia peke yake. Jibu la Mungu lilikuwa hesabu: wako elfu saba, tena yuko Elisha, nenda kwake. Neno hili wazee wa Ngara walifahamu kuliko sisi. Tarehe 28 Aprili 1994, sisi tukiwa watoto, watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na katika muda wa siku moja hivi walivuka wapatao 250,000, wakapiga kambi Benaco. Baba yetu alikuwa mwalimu wa kanisa, naye alitupeleka huko. Tulijua na tungali twajua ya kuwa kati ya umati ule walikuwamo wenye mikono yenye damu, na jambo hilo halifutwi kwa kulinyamazia. Lakini tulioyaona jioni ile ni haya: katika moshi wa meko mengi watu walizunguka wakiita, si majina yao, bali majina ya vilima walikotoka. Waliotoka kilima kimoja wakakusanyika, wakaketi chini, wakahesabiana, nani amefika na nani hakufika. Hapo ndipo walipoomba. Baba yetu alisema njiani tukirudi, "Wameanza kwa kuhesabiana." Wakati ule hatukuelewa alilolisifu.

Wiki ile ugonjwa ulipotangazwa kwisha, ilikuwa Kwaresima, tulikwenda kwa yule mama mjane. Kushikana mikono kulikuwa kumeruhusiwa, lakini tulisimama pale pale penye mgomba, maana sasa tulimwogopa yeye. Tukaita, "Shikamoo, mama." Hakujibu upesi. Alitoka, akatutazama muda kitambo, akasema, "Marahaba. Mbona umesimama mbali, Baba Mchungaji?" Tukaenda, akatupa mkono, nasi tukamwomba msamaha kwa kuwa hatukuja. Akanyamaza. Kisha akatuuliza kama tumekula. Hatukuwa tumekula tangu asubuhi, tukamwambia kweli, naye akaingia jikoni.