Umeshatoa neno mnadani, unajitoa vipi?



Ndugu Waislamu, kununua nyumba ya mnada kwa ushirika ni jambo la kawaida hapa Dar es Salaam, na si jambo baya. Mnada wenyewe una asili katika Sunna. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli la Ansari mmoja maskini, bei ikapanda kutoka dirhamu moja hadi mbili. Aliyekatazwa ni yule anayepandisha bei hana nia ya kununua, na hao katika minada yetu hawakosi. Lakini leo nataka kuzungumzia mwenzako anapojitoa.

Nimeletewa shauri la ndugu wawili wa msikiti mmoja. Walikubaliana nusu kwa nusu, bila maandishi, kwa kuwa eti ni ndugu katika imani. Nyumba ikawaangukia kwa shilingi milioni 40. Katika minada ya amri ya mahakama, mnunuzi hulipa asilimia 25 papo hapo na kilichobaki ndani ya siku 15. Akishindwa, nyumba hunadiwa upya na ile amana anaweza kuipoteza. Basi kila mmoja akatoa milioni tano. Siku ya 11 mmoja akampigia simu mwenzake: "Mimi nimejitoa, naomba unirudishie changu." Akaongeza kuwa yeye tangu mwanzo alisema inshaallah.

Hapa yanachanganywa mambo mawili. Kabla ya kununua, ushirika kwa kauli ya wanachuoni wengi ni mkataba ambao kila mmoja anaweza kuuvunja, maadamu amemjulisha mwenzake na hakumdhuru. Ama nyundo ikishagongwa, hayo ni mauziano. Hadithi ya Bukhari na Muslim inawapa muuzaji na mnunuzi hiari ya kurudi nyuma mpaka watakapoachana, na sisi wafuasi wa Imam Shafii tunaijua vizuri. Walioachana na dalali siku 11 nyuma wana hiari gani tena? Nusu ya nyumba ni yake na nusu ya deni ni lake. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Isitoshe, hizo milioni tano anazodai haziko kwa mwenzake, zimeshalipwa mnadani. Anamdai asichokuwa nacho, na hapo hapo amemwachia milioni 15 nyingine za kutafuta kwa siku nne!

Na hilo neno inshaallah, jamani! Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, Allah (s.w.) amemfundisha Mtume wake asiseme atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa Yake. Hiyo ni adabu ya mja aliyekusudia kutenda, si mlango wa nyuma wa kutokea.

Hata hivyo nisimwelemee mmoja. Huenda aliyejitoa ameuguliwa na mkewe, fedha zimekwenda hospitali. Huyo hasemwi barazani kuwa ni mnafiki. Mwenzake, kama ana uwezo, amkopeshe bila riba na nusu ibaki kuwa yake, au waridhiane mtu wa tatu ashike nafasi. Na anayetaka kuuza fungu lake, katika hadithi ya Jabir (r.a.) amekatazwa kuliuza kabla ya kumjulisha mshirika wake. Kisichofaa ni aliyebaki kuvizia dhiki ya ndugu yake, akachukua nyumba nzima na zile milioni tano akazimeza. Wala haifai aliyekwisha kuachia fungu lake kwa ridhaa kurudi mwaka wa pili, bei zimepanda, akadai nusu.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote, imeeleza kuandika madeni na kuweka mashahidi, na haikuwatoa watu wa msikiti mmoja. Andikeni kabla ya kwenda mnadani: nani anatoa nini, siku gani, na amana ikipotea kwa sababu ya mmoja, nani anaibeba. Andikeni pia kuwa mmoja akifa kabla ya siku ya 15, nani atawajulisha warithi wake, maana mara nyingi mjane hajui hata kama kuna nyumba iliyonunuliwa.