Safari ya Tembo Huanzia Makuyuni

Wanangu wa Arusha, na nyinyi wajukuu mnaotokea Usa River, Tengeru, Ngaramtoni na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, nina neno nanyi kuhusu tembo. Kila alfajiri magari ya kitalii hutoka mjini kuelekea Kisongo, yamejaa wageni waliovuka bahari ili wamwone mnyama huyu kwa macho yao. Nyinyi mnayaona yakipita mkiwa mnangoja daladala. Wengi wenu mmelipiwa ada kwa mshahara wa mpishi wa kambi, kwa mboga zilizouzwa hotelini, kwa gereji inayotengeneza Landkruza hizo hizo. Na bado tembo mnayemjua ni yule wa kwenye noti ya elfu kumi. Hilo linaniuma. Nimeendesha wageni mbugani sehemu kubwa ya umri wangu, na siku zote nilitamani kuona sura za kwetu zikichungulia kwenye paa lile lililoinuliwa.

Basi nendeni. Siku moja inatosha kwa kuanzia.

Najua mtaniambia kwamba mbuga ipo hapa hapa nyumbani, ya nini kwenda mbali. Kweli, Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko karibu. Mtu akipita Usa River na kukata kushoto hachelewi kufika geti la Ngongongare. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na baadaye Mlima Meru ukaingizwa ndani yake. Mtaona twiga, nyati, mbega wenye mikia myeupe, heroe kwenye maziwa ya Momella, na mnaweza hata kutembea kwa miguu mkiongozwa na askari mwenye bunduki. Mwende huko pia. Lakini tembo wa Meru ni wa msituni. Mtu anaweza kuzunguka kutwa akaambulia kinyesi na matawi yaliyovunjwa. Anayetaka kukaa na tembo, amtazame mpaka aanze kumwelewa, aende Tarangire, kilomita kama 120 kutoka mjini kwa barabara ya Dodoma. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1970, na kati ya Julai na Oktoba, nchi ikikauka, mto wake ndio tegemeo la wanyama wa eneo lote lile. Hapo ndipo familia za tembo hukusanyika. Masika wanatawanyika na nyasi zinakuwa ndefu. Usiende mwezi wa Aprili kisha ukasema umedanganywa.

Gharama isiwatishe kabla hamjaulizia. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kinalipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile cha mgeni. Mzigo mkubwa ni gari na mafuta, nao hupungua mkijikusanya: kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa, wenzenu mliomaliza nao shule. Mwenye kampuni aulizwe leseni ya biashara ya utalii, ile iitwayo TALA, bila kuona haya, na dereva wake aulizwe kitambulisho cha uongozaji. Bei ya chini kuliko zote ikinong'onwa na mtu aliyewafuata barabarani Mnara wa Saa, iacheni. Na mchukue kitambulisho cha taifa, maana getini ndicho kinachowatofautisha na mgeni.

Kuna watakaosema, mimi ni mtoto wa hapa, nina gari la mjomba, mwongozaji wa nini? Hapa nawasihi mnisikilize. Mkienda peke yenu mtamwona tembo. Mkienda na mtu anayeijua mbuga, mtaona pia kwamba dume lile linatokwa na maji kati ya jicho na sikio, tena mkojo unamdondoka anapotembea, kwa hiyo yuko katika siku zake za kutafuta majike na hapaswi kusogelewa. Mtajua kwamba anayepanua masikio na kutikisa kichwa huku akipiga kelele mara nyingi anatisha tu ili muondoke, ila anayelaza masikio, akakunja mkonga na kuja kimya, huyo amekusudia. Mtaonyeshwa unyayo wa mbele kwenye vumbi na kuambiwa kwamba mzunguko wake ukiuzidisha mara mbili unapata karibu kabisa na kimo cha tembo huyo begani. Kijana wetu aliyesoma uongozaji, akakaa porini miaka, ana elimu iliyo sawa na ya mwalimu yeyote. Msimwite "dereva" kana kwamba kazi yake ni usukani tu. Msalimieni, mwulizeni jina, mnyamazishe simu na mumsikilize. Akisema tusisogee, hamsogei. Akisema tuondoke, asisikike mmoja wenu akibembeleza picha ya mwisho. Mkirudi salama mpeni tipu, hata kama ni kidogo, kama mnavyotaka wageni wawape ndugu zenu.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, au kabla. Msivae nguo za buluu iliyokoza wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wa Tarangire wanazipenda rangi hizo na kuumwa kwao si mchezo. Maji ya kutosha, chakula kwenye chombo cha kurudi nacho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata isingepigwa, mbugani haitupwi takataka. Honi haipigwi, muziki haufunguliwi, na hakuna kushuka garini ila pale palipoandikwa kuwa panashukwa.

Sasa sikilizeni lile ninalolitaka hasa.

Msilale njiani. Wengi husinzia kutoka Kisongo na kuamka getini, wakadhani safari imeanzia hapo. Mkifika Makuyuni, pale barabara ya Mto wa Mbu inapochepuka kulia, fungueni macho. Kuanzia hapo hadi Kwakuchinja mnapita katikati ya njia ya wanyama inayounganisha Tarangire na Ziwa Manyara. Lami mnayoipita, wao pia huivuka. Mtaona maboma, ng'ombe, vibanda vya maduka, misingi ya nyumba mpya, viwanja vyenye vigingi. Yatazameni yote hayo kwa makini kuliko mtakavyomtazama simba, kwa maana hatima ya tembo mnaokwenda kuwaona iko hapo nje kuliko ilivyo ndani. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini kwenda kuzaa kwenye nyanda za Simanjiro, ambako nyasi zina madini yanayohitajiwa na mama anayenyonyesha. Tembo nao hutoka. Hifadhi peke yake haiwatoshi, na haijawahi kuwatosha.

Mkiingia, msikimbizane na redio za madereva zikitangaza chui yuko wapi. Tafuteni familia moja ya tembo, mwambieni mwongozaji azime gari, mkae. Kaeni muda mrefu mpaka mliochoka mseme tumechoka, halafu mkae tena. Mwanzoni mtaona miili mikubwa inayokula, na kula huko ndiko kazi yao, kwani tembo mzima anaweza kumaliza kilo 150 za majani na magome kwa siku. Baadaye mtaanza kuona mpangilio. Mtoto akilia kidogo, mama wadogo wawili wanageuka kabla ya mama yake. Katika mchanga wa mto uliokauka mmoja anachimba kwa mguu na mkonga, maji yanatoka, na wengine wanasubiri zamu. Wakiondoka, wanyama wengine hunywa kwenye kisima kile. Hakuna dume kubwa linalotawala hapo. Madume huondoka nyumbani wakifikia ujana. Familia inaongozwa na jike mzee, na wote waliobaki ni binti zake, dada zake na watoto wao. Yeye akisimama, wanasimama. Akigeukia magharibi, wote wanafuata, na mara nyingine huwezi kusikia alichowaambia, kwa sababu tembo husemezana kwa sauti nzito zilizo chini ya uwezo wa sikio la binadamu, na sauti hizo hufika kilomita kadhaa.

Thamani ya jike mzee huyo ilionekana mwaka 1993, Tarangire ilipopata ukame mkali. Mtafiti Charles Foley alikuwa ameanza kuwafuatilia tembo wa huko mwaka huo huo. Katika miezi tisa, watoto wa tembo 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa, wakati katika miaka ya kawaida hufa wachache mno. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Koo zilizotoka nje ya hifadhi kwenda kutafuta maji na malisho zilipoteza watoto wachache. Waliobaki ndani ndio walioumia zaidi. Zile zilizotoka zilikuwa na majike wazee waliokuwa hai, na wenye umri wa kuelewa, katika ukame mwingine mkubwa wa mwaka 1958 hadi 1961. Watafiti waliandika mwaka 2008 kwamba huenda majike hao walikumbuka njia waliyopitishwa na mama zao zaidi ya miaka thelathini nyuma. Ukoo uliobaki haukuwa na wazee wa namna hiyo, na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 unadhaniwa kuwa ndio uliowamaliza.

Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Nimelisikia neno hilo kwenye vikao vya ukoo tangu utotoni, na Tarangire nikaliona likiwa na uzito wa uhai na kifo. Jangili anapoua jike lenye pembe ndefu, anaua pia ramani ya maji ambayo haikuandikwa popote. Ndiyo maana nawaambia mkae mumtazame yule mzee wa kundi. Mjiulize anakumbuka nini, na kama ukame ukija tena, je, njia anayoikumbuka bado iko wazi, au mwishoni mwake sasa kuna ukuta wa matofali.

Nchi yetu imekwisha kuonja hasara ya ujangili. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta tembo kama 109,000 Tanzania. Ile ya 2014 ikakuta kama 43,000. Miaka mitano tu. Kusini ndiko kulikoumia zaidi, Selous na Ruaha. Tarangire ilinusurika na kundi lake likazidi kukua, na sisi wa kaskazini tuna wajibu kwa hilo. Akitokea mtu kwenye baa au kijiweni akakuonyesha kipande cha pembe na kukuahidi hela ya haraka, ondoka hapo na utoe taarifa. Hela hiyo haifiki kwa vijana wa vijijini. Vifungo ndivyo vinavyowafikia.

Lakini msirudi mkiwa mmejaa mapenzi ya tembo na dharau kwa mkulima. Nendeni Ngarenanyuki, upande wa mashariki wa Meru, mkamsikilize mama aliyekesha shambani na debe la kupigia kelele, akapata mahindi nusu ya alichopanda. Watu wa huko wana historia ya ardhi inayouma. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu huko huko Ngarenanyuki ili ardhi ipewe walowezi, na Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea. Mtu aliyebeba kumbukumbu hiyo hawezi kuambiwa tu "mpishe tembo". Anatakiwa asaidiwe: uzio wa mizinga ya nyuki, ambao tembo wanauogopa kweli na unampa mwenyewe asali, kamba zilizopakwa pilipili, doria inayofika usiku uleule alioita, na kifuta machozi kinacholipwa kwa wakati.

Yako mambo yanayowezekana. Kijiji cha Terrat, wilayani Simanjiro, kiliingia makubaliano na makampuni ya utalii kilipwe kila mwaka ili nyanda zake zibaki malisho, zisilimwe. Ng'ombe wa Wamaasai wakabaki na nyasi zao, na nyumbu wakabaki na mahali pa kuzalia. Vijiji vya Burunge, kati ya Tarangire na Manyara, viliungana kuwa jumuiya ya hifadhi na hupata mgawo wa fedha za wageni. Migogoro haikuisha, hata hivyo mlango uko wazi, na watakaoupitia ni nyinyi, kwa kuwa ardhi ile itauzwa, itarithiwa na kupangwa katika uhai wenu, si wetu.

Kwa hiyo mkitoka getini jioni, vumbi likiwa bado kwenye nywele, msiishie kurusha picha. Mwenye ndugu kwenye serikali ya kijiji amwulize mpango wa matumizi ya ardhi umepita wapi. Anayesomea sheria, upimaji au mipango miji ajue njia za wanyama zilipo kabla hajaweka mhuri. Na yeyote kati yenu atakayeitwa na dalali siku moja kwenda kuangalia kiwanja cha bei poa Kwakuchinja, aende kwanza ofisi ya ardhi ya wilaya akaulize kama hapo ni njia ya tembo. Wakikwambia ndiyo, mwanangu, usikinunue.