Hija kwa kadi ya chanjo ya uongo

Kila msimu wa Hija unapokaribia, katika darsa za kuwaandaa mahujaji huja swali ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini: kuna ubaya gani mtu akipata kadi ya chanjo bila ya kuchomwa sindano? Wanaouliza huwa na hoja. Mmoja husema amemtegemea Allah (SW). Mwingine husema Mtume (SAW) amekanusha maambukizi. Wa tatu husema hata akifia Makka, ni mauti gani bora kuliko hayo?

Hoja hizi zinatoka kwa watu wanaoipenda dini yao, hivyo zinastahiki jibu.

Ama kuhusu maambukizi, hadithi hiyo ipo. Lakini katika riwaya ya Bukhari, hadithi hiyo hiyo inamtaka Muislamu amkimbie mwenye ukoma kama anavyomkimbia simba. Wanachuoni wengi wameeleza kuwa kilichokanushwa ni itikadi ya kijahilia kwamba maradhi yana nguvu yenyewe bila ya idhini ya Allah. Kujikinga hakukukanushwa.

Ama kutegemea, hakuna kati yetu anayemshinda Sayyidna Umar (RA) kwa tawakkul. Naye alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, aligeuza msafara wake akarudi Madina. Abu Ubaida (RA) alipomuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah, alimjibu kuwa anatoka kwenye Qadar moja ya Allah na kwenda kwenye nyingine.

Inabaki hoja ya kufia Makka. Ndugu yangu, mauti yako ni yako. Je, na ya mwenzako? Vijidudu vya homa ya uti wa mgongo huweza kukaa kooni mwa mtu asiyeumwa kabisa, vikahamia kwa mwingine. Mwaka 1987 maradhi haya yalizuka kwenye Hija, na Saudi Arabia ikaweka sharti la chanjo. Mwaka 2000 yalirudi kwa aina nyingine iitwayo W135. Wagonjwa zaidi ya 400 waliripotiwa katika nchi mbalimbali, wakiwemo jamaa wa mahujaji ambao wao wenyewe hawakusafiri. Ndipo ikaja chanjo ya aina nne, inayotakiwa kuchomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kujijengea kinga. Na mwaka 2024 waligundulika wagonjwa Marekani, Ufaransa na Uingereza waliohusishwa na safari ya Umra. Wengi wao hawakuwa wamechanjwa.

Basi anayenunua kadi hachezi na nafsi yake peke yake. Anamhatarisha mzee anayelala naye hema moja Mina, na mjukuu atakayempokea kwa kumbatio akirudi nyumbani. Hawa hawakuulizwa wala hawakuridhia.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha mwanamke mwenye ukoma aliyekuwa akitufu Al-Kaaba. Sayyidna Umar alimshauri akae nyumbani kwake, asiwaudhi watu. Akakaa. Umar alipofariki, mtu mmoja akamwambia kuwa aliyemkataza keshakufa, basi na atoke. Mama yule akakataa. Hakuwa mtu wa kumtii Umar akiwa hai na kumuasi akiwa maiti.

Tuzingatie mambo mawili hapa. Kwanza, ibada ya mtu mmoja, tena mbele ya Nyumba ya Allah, haikufanywa kuwa ruhusa ya kuwadhuru wengine. Pili, mama yule alishika agizo wakati hakuna tena wa kumkagua. Sisi tunaangalia afisa wa uwanja wa ndege tu: akigonga muhuri, tumepita!

Simwambii mtu kuwa Hija yake imebatilika. Nguzo zake huenda zikatimia. Lakini kuvaa ihramu huku mfukoni una ushahidi wa uongo, kisha kuomba Hija Mabrur, ni jambo la kujiuliza. Na taasisi za kusafirisha mahujaji zinazowatafutia wateja wao kadi bila chanjo zina sehemu yao katika dhambi hiyo.

Ewe unayejiandaa na safari, nenda ukachanjwe mapema. Ukiwa huko ukashikwa na kikohozi, funika mdomo, vaa barakoa na uende kwa daktari wa msafara. Kumkinga mgeni wa Allah na madhara yako ni katika kumkirimu.

Wallahu a'lam.