Nani Atakuwa Barnaba Wake?

Maandiko: Matendo ya Mitume 9:26-27, 11:22-26, 15:36-39



Leo sitawahubiria vijana. Vijana wamehubiriwa sana. Wameambiwa waache bangi, waache magenge, waache kukaa maskani. Leo neno ni letu sisi tuliovuka miaka 30, tulio na kazi au kibanda cha biashara, sisi ambao watu wakituona njiani wanasema, "Huyo ni mtu wa kanisa."

Tangu Januari nimesimamia mazishi ya vijana 2 wa mtaa huu. Mmoja alikuwa na miaka 17, mwingine 19. Wote walipitia Shule yetu ya Jumapili. Siku za mazishi mlileta hema, viti na sufuria za chai, na mkachanga bila kuombwa mara mbili. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yenu. Lakini pale kaburini neno lilinijia: kanisa linalojua kumzika kijana vizuri namna hii lina uwezo wa kumlea akiwa hai.

Kwa hivyo tumwangalie mtu mmoja katika Biblia. Jina lake la kuzaliwa ni Yusufu, Mlawi wa Kipro. Mitume walimbandika jina Barnaba kwa sababu alikuwa mtu wa kutia wengine moyo. Nataka tuone mambo matatu aliyoyafanya.

1. Alimkaribia mtu aliyeogopwa

Sauli alipofika Yerusalemu alitaka kujiunga na wanafunzi, na wote wakamwogopa. Tusiwacheke. Uoga wao ulikuwa na sababu. Huyu ndiye aliyekubaliana na kuuawa kwa Stefano. Huyu ndiye aliyeingia nyumba kwa nyumba akiwakokota watu gerezani. Ungekuwa wewe ungefungua mlango?

Barnaba alimchukua akampeleka kwa mitume. Na angalia alichofanya huko: aliwasimulia habari za Sauli, jinsi alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri Dameski bila woga. Aliyajuaje hayo yote? Alikuwa amekaa naye akamsikiliza. Huwezi kumtetea mtu ambaye hujamsikiliza.

Mwaka huu kijana mmoja alitoka borstali akaja ibada hapa kwetu. Aliketi benchi la nyuma kabisa. Mmoja wa wahudumu wa mlangoni aliniambia kwamba kina mama wawili walivuta mikoba yao karibu. Simlaumu mama yeyote, wizi upo. Lakini mzee mmoja wetu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliinuka pale mbele akaenda akaketi kando yake. Ibada ilipoisha hakumpa trakti wala hakumwuliza alishtakiwa nini. Alimwuliza, "Umekula?" Wiki iliyofuata kijana yule alikuwa jua kali, akishika mlango huku mzee akiuchomelea. Mpaka leo anaenda kila Jumamosi. Sisemi amekuwa malaika. Nasema yuko hai, na ana mtu wa kumpigia simu usiku.

2. Alimfuata, na akakaa naye

Sauli alirudishwa kwao Tarso, na kwa muda hatusikii habari zake. Kazi ilipokua Antiokia, Barnaba hakutuma mtu. Alifunga safari mwenyewe kwenda kumtafuta. Alipompata akaja naye, na Maandiko yanasema walikaa na kanisa lile kwa mwaka mzima. Mwambie jirani yako: mwaka mzima!

Hapa ndipo wengi wetu tunapochoka. Tunapenda mkutano wa siku 3 na kesha la Ijumaa. Tunamwombea kijana, anaanguka chini, anainuka, tunapiga makofi. Jumatatu anarudi maskani kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda.

Mwaka 1904, kule New York, karani wa mahakama ya watoto aitwaye Ernest Coulter alichoka kuona wavulana wakipita mbele ya hakimu kila siku. Aliwaendea wanaume wa kanisa moja akaomba kila mmoja awe rafiki wa mvulana mmoja. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyokua mpaka ikawa shirika la Big Brothers Big Sisters. Watafiti walipolichunguza, ripoti ya 1995 ilionyesha kwamba vijana waliopewa mlezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, kuliko wenzao waliokuwa bado wakingoja kupewa.

Lakini sikia na upande wa pili. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliofaidika zaidi ni wale waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi. Wale ambao mlezi aliwaacha kabla ya miezi 3 walirudi nyuma. Walijiona hawana thamani kuliko walivyojiona mwanzoni. Umeelewa hapo? Kijana ambaye baba alimwacha, shule ikamwacha, sasa na mtu wa kanisa amwache? Afadhali usianze.

3. Hakumtupa aliyeshindwa

Yohana Marko aliwaacha njiani Pamfilia akarudi Yerusalemu. Safari ya pili Paulo akakataa kwenda naye. Barnaba akasema anaenda naye, na mabishano yakawa makali mpaka wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakapanda meli kwenda Kipro. Miaka baadaye, katika 2 Timotheo 4:11, ni Paulo yule yule anayeagiza aletewe Marko kwa sababu anamfaa katika huduma. Nani alimtengeneza? Mtu aliyempa nafasi ya pili.

Kijana wako atakudanganya. Atakosa kuja siku mliyopatana. Pengine atakamatwa tena. Siku hiyo ndiyo kazi yenyewe inapoanza.

Tutaifanyaje?

Hata serikali imefungua mlango. Sheria ya Watoto ya 2022 iliinua umri wa mtoto kuhesabiwa mhalifu kutoka miaka 8 hadi 12, na inaruhusu kesi nyingi za watoto kutatuliwa nje ya mahakama. Wanaopelekwa borstali, kama Shikusa kule Kakamega, Shimo la Tewa kule Mombasa, au Kamae ya wasichana huku Nairobi, hawakai zaidi ya miaka 3. Halafu wanarudi. Wanarudi kwa nani?

Tumepatana na wazee wa kanisa hivi. Mlezi atakutana na kijana wake saa moja kila wiki, kwa miezi 12. Wanaume na wavulana, wanawake na wasichana. Mkutane mahali pa wazi, uwanjani, dukani au hapa kanisani, si chumbani kwako. Mzazi au mlezi wa nyumbani ajue, na chifu ajue. Usimkopeshe pesa. Na usitume M-Pesa ukidhani umekwenda. Anachohitaji ni wewe. Siri zake zitunze, lakini ukisikia uhai wa mtu uko hatarini, sema siku hiyo hiyo. Na usimhubirie kila mkikutana. Mfundishe kazi, msindikize kuchukua kitambulisho, mwulize habari za mamake.

Afisa wa probesheni wa eneo letu ametuletea orodha ya vijana 11. Waliojitolea hapa kanisani mpaka leo ni 4. Piga hesabu mwenyewe: 7 hawana mtu. Sitawasoma majina yao madhabahuni, kwa sababu wengine ni wana wa kina mama walioketi hapa.

Hakuna anayekutaka uwe mchungaji. Mzee wetu wa kuchomelea hajawahi kushika maikrofoni. Kama unajua kushona, kuuza mboga, kuendesha boda boda au kuweka hesabu, una kitu mkononi. Fomu ziko kwa katibu wa kanisa, na Jumatano saa 12 jioni tutakutana na wote watakaojiandikisha.

Tuombe. Baba, wewe ulimtuma Barnaba Tarso. Wapo Sauli wengine wamekaa maskani usiku huu wakingoja kuona nani atakuja kwanza, genge, risasi au kanisa. Tupe miguu ya kuwafikia kabla ya hayo mengine. Tupe uvumilivu wa mwaka mzima. Katika jina la Yesu. Amina.